Sindano Sabini na Mbili

Jina la Ruba alipewa na kaka zake, kwa sababu kitu akikishika hakiachi. Akiwa na miaka minne walijaribu kumnyang'anya kipande cha muwa. Wakavuta, naye akavutika pamoja na muwa wake uani kote, magoti yakachubuka, muwa haukumtoka. Jina likamganda, akasoma nalo, akaajiriwa nalo, akaolewa nalo. Wakati wa habari hii alikuwa na miaka hamsini na mmoja, dobi katika nyumba ya wageni, mwanamke mwembamba mwenye mikono iliyojikunja kwa maji na sabuni.

Mumewe, sisi wapangaji wenzao tulimwita Fundi Bati. Kwa miaka ishirini na sita alitembea juu ya mapaa ya watu kama paka, asianguke hata mara moja. Kilichomwangusha kilikuwa chini. Alikanyaga msumari mfupi wa bati, tena aliouangusha mwenyewe, ukapenya kandambili. Hakusikia lolote, maana kisukari kilikuwa kimeshakula hisia za nyayo zake. Aliona damu sakafuni akawa anauliza nani kaumia. Kidonda kilikaa miezi mitatu, hakikupona, na mwishowe madaktari wakaukata mguu wa kushoto, chini kidogo ya goti.

Baada ya miezi saba alipata mguu wa bandia. Mguu ulikuwa mzuri, umepimwa, umechongwa, una kiatu chake. Siku nne tu, kigutu kikawa chekundu. Siku ya tano ngozi ikachubuka. Ruba akamrudisha hospitali kwa fundi wa miguu, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa akitembea na penseli sikioni kama seremala. Siku hiyo hakucheka.

"Mguu wangu hauna tatizo," alisema, akipitisha kidole ndani ya soksi iliyokuwa imevalishwa kigutuni. "Tatizo ni hii. Ina mshono. Kwako wewe na mimi mshono si kitu, lakini kwa ngozi isiyosikia maumivu, huu ni msumari wa pili."

"Kuna soksi zisizo na mshono?"

"Zipo, za sufu, zimetengenezwa kwa ajili ya vigutu. Zimetuishia, na zitakuja lini hakuna anayejua. Mpaka hapo, avue mguu."

"Akiuvua akakaa?"

"Akikaa sana kigutu hubadilika umbo, na mguu huu hautamwingia tena. Akitembea akapata kidonda, mnajua wenyewe njia ya vidonda. Tutakata juu ya goti." Akaichomeka penseli sikioni. "Samahani, dada. Sipendi kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Ruba alianza kutafuta siku hiyohiyo. Alizungukia maduka, akavuta soksi moja moja, akapapasa ncha. Zote zilikuwa na mshono. Alizigeuza nje ndani, mshono ukaondoka kwenye ngozi, lakini soksi ikateleza na kujikunja, na mkunjo ukauma vilevile. Alinunua kulabu ya kufumia, akafuma mwenyewe kwa wiki nzima. Kilichotokea, kwa maneno yake, kilifanana zaidi na gunia la vitunguu. Fundi Bati akaustahi mkono wa mkewe, akakivaa, akakivua. Halafu akauchukua mguu wa bandia, akauweka nyuma ya mlango, akautundikia koti juu yake. Kuanzia hapo akawa anakaa dirishani. Ukimsalimia anaitikia. Ukimuuliza, ni ndiyo au siyo. Basi.

Ndani ya nyumba hiyo aliishi pia mama yake Fundi Bati, mkwe wake Ruba, ajuza wa miaka sabini na tisa. Macho yalikuwa yameingia ukungu, lakini masikio yake yalisikia hata yasiyomhusu, na ulimi haukuwa umezeeka hata siku moja. Jioni moja alimsikia Ruba akiifumua ile kazi yake ya kulabu kwa hasira, uzi ukilia krr, krr.

"Mashine iko," akasema.

"Mashine gani, Mama?"

"Ya kufumia soksi. Ya kuzungusha kwa mkono. Unafikiri hao wanangu niliwasomesha kwa nini, kwa nyimbo?"

"Iko wapi?"

"Nimeilalia. Mwaka wa kumi na tisa huu."

Ruba akaacha uzi. "Mama! Muda wote huu tunahangaika, mbona hukusema?"

"Marehemu hasemwi, mwanangu. Ilikufa."

Ruba aliinuka. Aliingia chumbani, akapiga magoti, akaivuta kutoka uvunguni ikiwa imeviringishwa blanketi. Ilikuwa na ukubwa wa chungu cha wastani: pipa dogo la chuma lililosimama, lenye mifereji myembamba kuzunguka pande zote, ndani ya kila mfereji sindano moja, nje yake pete nzito ya chuma, na ubavuni gurudumu la meno lenye mpini wa mbao. Alishika mpini akazungusha. Haukwenda mbele wala nyuma. Kila kitu kilikuwa kimeshikana kwa utando wa rangi ya kahawia, mgumu kama gundi ya seremala.

Kesho yake aliipeleka kwa fundi cherehani wa pale kona, aliyekuwa akijigamba kuwa hakuna chenye sindano kisichomtii. Fundi aliizunguka mara mbili.

"Mama, hii si cherehani. Hii ni babu yake cherehani, na ameshafariki."

"Wa pili wewe kuniambia hivyo. Jaribu."

Akachukua nyundo ili aigonge kidogo, eti aizindue. Ruba akaweka kiganja chake juu ya mashine.

"Nyundo hiyo ianzie hapa," akasema.

Fundi akaishusha nyundo. Ruba akaibeba mashine kiunoni kama mtoto, akarudi nayo nyumbani. Siku hiyo nilimkuta mlangoni, nikamuuliza anakwenda kufanya nini na chuma chakavu. "Nakwenda kukifua," akanijibu. Nilidhani anatania.

Jumapili, siku yake ya mapumziko, alitandika shuka kuukuu juu ya meza, akaazima bisibisi kwangu, akaanza. Kila kipande alichokifungua alikichora kwenye daftari, akakiweka kwenye tundu lake la trei ya mayai, kwa mpangilio uleule kilivyotoka. Mpini tundu la kwanza. Skrubu zake tundu la pili. Pete ya nje ilimkatalia mpaka alipoipasha moto kwa kitambaa kilichochovywa maji yanayochemka. Sindano zilikuwa zimefungwa na waya mwembamba wa springi, umeizunguka silinda, lile pipa la chuma, kama mshipi; alipoufyatua, akaanza kuzing'oa moja moja. Zilikuwa sabini na mbili. Kila moja ilikuwa na ndoano kichwani na kilimi kidogo cha chuma kinachofunguka na kufunga, na vilimi vyote vilikuwa vimenata.

Mkwe wake alikaa karibu, akisikiliza.

"Usipoteze hata moja," alisema. "Mashine hii ni kama kinywa. Jino moja likikosekana, chakula kinadondoka."

Sasa Ruba akafanya alichokijua. Yeye ni dobi. Alichemsha maji, akatia sabuni ya unga, akaloweka vyuma vyote, akasugua kwa mswaki, akasuuza mara tatu. Utando ukatoka, maji yakawa kama chai. Vyuma vikang'aa. Akavitandaza juu ya kitambaa safi, akajipongeza, na Jumatatu asubuhi akaenda kazini.

Aliporudi, vyote vilikuwa na rangi ya machungwa. Sindano, pete, silinda, hata skrubu: kutu tupu.

Sisi wa upande wa pili wa ukuta tulisikia tusi moja refu ambalo hatukujua kama Ruba analijua. Baadaye mwenyewe alinisimulia kwamba alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, akavitazama vile vyuma, na kwa mara ya kwanza tangu mumewe akanyage ule msumari alihisi amechoka. Hakuwa na hasira tena, alikuwa amechoka tu.

Ndipo sauti ikatoka dirishani.

"Umeviosha kwa maji?"

Ruba akageuka. Mumewe alikuwa amegeuza kiti.

"Maji ya moto na sabuni."

"Chuma hakifuliwi kama shuka, mke wangu." Alivuta pumzi kwa pua, kama mtu anayenusa mvua. "Nimeanza kuisikia harufu ya kutu tangu saa sita. Nikasema ninyamaze. Lakini siwezi kukaa chumba kimoja na kutu, nimepigana nayo maisha yangu yote. Leta mafuta ya taa. Na waya wa kusugulia sufuria, ule laini kabisa. Na acha kuniangalia hivyo."

Akajongea kwa magongo hadi mezani. Kwa siku tatu meza ile haikuwa na nafasi ya sahani. Walikula wameshika bakuli mikononi. Fundi Bati alivilaza vyuma ndani ya mafuta ya taa, akavisugua taratibu, akavifuta, na kila kilichotakata akakipaka mafuta ya cherehani, utando mwembamba kiasi cha kidole kuteleza tu. Ruba akirudi kazini anamkuta amefika tundu jingine la trei. Ruba akataka kuusugua mfereji wa silinda kwa waya, mumewe akampiga kofi la mkono.

"Ukiitanua mifereji, sindano zitacheza. Humo tumia njiti ya ufagio."

Siku ya pili Fundi Bati akakwangua mabaki ya utando uliobaki chini ya silinda, akayafikicha, akayanusa.

"Nani aliitia mashine hii mafuta? Haya si ya mashine. Haya yanataka kitunguu."

Ruba akanyanyua macho. Yule ajuza alikuwa ameacha kutikisa mguu.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe, Mama?"

"Mafuta ya mashine yaliniisha, na nilikuwa na soksi za shule nzima. Nikasema mafuta ni mafuta. Nikachota ya kukaangia. Lo, ilizunguka vizuri kuliko siku zote! Wiki mbili. Ya tatu ikaanza kuwa nzito, ya nne ikafunga taya." Alijifuta macho kwa upindo wa kanga. "Niliwaambia imekufa kwa uzee. Haikuwa uzee. Mimi ndiye niliyeiua."

"Na umelificha hilo miaka kumi na tisa?"

"Aibu haina tarehe ya kwisha, mwanangu."

Fundi Bati alianza kucheka polepole, mabega kwanza, kisha tumbo, mpaka akaegemea meza na njiti ya ufagio mkononi. Mama yake akamwambia akome, hana adabu, halafu yeye mwenyewe akacheka. Ruba aliendelea kusugua skrubu moja ambayo ilikuwa imeshatakata zamani, kwa sababu aliogopa akinyanyua uso cheko hilo litakatika.

Sindano zikahesabiwa. Hamsini na nane zilikuwa nzima. Kumi na nne zilikuwa zimeliwa na kutu au zimevunjika vilimi. Mkwe akakumbuka kopo la dawa ya kikohozi lililokuwa na sindano za akiba. Zikatoka kumi na moja. Zikapungua tatu.

Alhamisi fundi cherehani akabisha hodi. "Nimepita tu," akasema, "nione kama mmeshazika." Lakini mfukoni alikuwa na koleo ndogo ya ncha nyembamba na kioo cha kukuzia, na mtu anayepita tu hatembei na kioo cha kukuzia. Alikaa saa nzima. Alinyoosha ndoano mbili, akaviachia vilimi vyake mpaka vikaanguka vyenyewe kwa uzito wao. Ya tatu ikakatika mkononi mwake. Aliona haya, akasema maneno mengi kuhusu chuma cha zamani.

"Sabini na moja," Ruba akasema. "Imebaki moja."

"Ikikosa moja si soksi itatoka tu?"

"Itatoka na ufa kutoka juu mpaka chini. Ufa ni mkunjo, na mkunjo ni kidonda. Nataka zote."

Akampapasia mkwe wake kila kisanduku, akapekua mikeka, akafungua mito. Ajuza alikuwa amekaa ameshika shavu, akinung'unika kwamba mtu hawezi kukumbuka kila kitu, mara akaruka kama aliyeumwa na siafu.

"Ile ya kuvutia kamba ya shimizi!"

Kumbe sindano moja ya akiba aliitoa zamani kwenye lile kopo, akawa anaitumia kupitishia kamba kiunoni mwa shimizi zake: ndoano inashika kamba, kilimi kinafunga, inavutika vizuri ajabu. Ilikuwa kwenye mfuko wake wa dawa, inang'aa kama mpya, maana ndiyo peke yake iliyokuwa kazini miaka yote hiyo. Fundi cherehani alicheka hadi akakaa chini.

Wakaiunganisha mashine kwa kufuata daftari, kutoka tundu la mwisho la trei kwenda la kwanza. Mpini ukazunguka. Ruba alikuwa ameomba kwa msimamizi wake sweta mbili za sufu zilizoachwa na wageni na kukaa kabatini zaidi ya mwaka. Akazifumua, akaufua uzi, akauviringisha ukawa mpira. Akaulisha uzi kwenye sindano, akaanza. Krr-tik-tik-tik. Mfumo wa soksi ukaanza kushuka chini ya silinda. Kisha, upande mmoja, vitanzi vikaachia. Akaanza upya. Vikaachia palepale. Mara ya tatu, palepale.

Fundi Bati aliweka kitambaa mezani. "Basi," akasema. "Tumejitahidi."

"Neno hilo husemwa makaburini," Ruba akamjibu, akashika bisibisi.

Aliifungua yote tena. Skrubu, pete, springi, sindano sabini na mbili. Akasafisha, akafunga. Vitanzi vikaachia. Akaifungua mara ya tatu. Vidole vilikuwa vimepasuka kwa mafuta ya taa, na kazini shuka zilianza kunuka, msimamizi akamwonya. Akanunua glavu za mpira, akaendelea. Mumewe alimwambia kwa upole kwamba si lazima, kwamba watu huishi na magongo. Ruba akaweka kila kitu chini.

"Sikiliza, baba watoto. Mimi sijui kama hii mashine itafanya kazi. Ninachojua ni kwamba bado sijaona kilichoizuia. Nikikiona, nikashindwa kukitoa, nitaacha. Kukiacha sijakiona, hapana."

Mkwe ndiye aliyekiona, kwa sikio. Aliomba asogezwe karibu, akalaza shavu lake juu ya meza, akamwambia Ruba azungushe bila uzi, polepole.

"Inakohoa," akasema. "Mara moja kila mzunguko. Hapo! Tena hapo!"

Ruba akapachora kwa chaki. Akaitoa pete ya nje, ile inayozipandisha na kuzishusha sindano kwa njia iliyochongwa ndani yake, akaitazama palipo na chaki. Palikuwa na kipande kidogo cha chuma, kimeshikwa na skrubu moja, ambacho wote walidhani ni sehemu ya pete yenyewe na hakuna aliyewahi kukifungua. Fundi Bati akashika pete, Ruba akakaza bisibisi kwa uzito wa mwili wake wote. Skrubu ikalia, ikaachia. Nyuma ya kile kipande kulikuwa na donge la mavumbi ya sufu na mafuta ya kukaangia, limekauka likawa gumu kama kokwa ya tende. Lilikuwa limeziba njia, hivyo sindano zikifika hapo hazikushuka mpaka chini.

Hawakulipiga. Waliliwekea mafuta ya taa tone kwa tone, wakalichokonoa kwa njiti, saa mbili, wakipokezana. Likatoka vipande vipande. Cha mwisho Ruba alikiweka kiganjani mwa mkwe wake.

"Mchunguze muuaji," akasema.

"Mtupe chooni," ajuza akajibu.

Safari hiyo vitanzi havikuachia. Mfumo ulishuka mduara baada ya mduara, laini, bila mshono wowote, ukivutwa na uzito mdogo wa chuma ulioning'inizwa chini yake. Kwenye ncha, mkwe aliwaongoza: chomoa nusu ya sindano juu, fuma mbele na nyuma, punguza, ongeza. Kisha akaitwaa kazi mikononi mwake na kuifunga kitanzi kwa kitanzi kwa sindano ya kawaida, bila kuona, akitumia kucha tu kuhesabu. Ruba alipitisha kidole ndani mara tano akitafuta palipofungwa. Hakupaona.

Fundi Bati aliondoa koti nyuma ya mlango. Alivaa soksi, akavaa mguu, akasimama. Alitembea hadi kwenye bomba la uani na kurudi, hatua thelathini na nne. Nazijua kwa sababu sote wapangaji tulikuwa tumesimama tukijifanya tunaanika nguo. Ruba alimkalisha, akamvua, akatazama saa. Baada ya dakika kumi wekundu wote ulikuwa umeondoka.

"Kesho mara mbili," akamwambia. Kisha aliingia jikoni akakaa humo muda mrefu.

Mwezi ulipokwisha, fundi wa miguu aliipindua ile soksi, akaipapasa, akaitoa penseli sikioni.

"Hii mmeitoa wapi?"

"Nyumbani."

"Nina watu kumi na tisa wanaosubiri," akasema. "Nisikilize vizuri, dada, sikuulizi kama unaweza. Nakuuliza utaanza lini."

Ruba hakuacha udobi. Alifuma jioni na siku za mapumziko, na walioletwa walipimwa mduara wa kigutu kwa utepe, juu, katikati na chini. Aliyechukua soksi za kwanza alikuwa mwalimu aliyepoteza mguu barabarani. Wa pili kuli wa ghalani. Mmoja soksi haikumfaa kabisa, kigutu chake kilikuwa na umbo gumu, na Ruba alimfumia mara sita kabla ya kupatia.

Kila Jumamosi mchana mashine hufunguliwa. Hiyo ni kazi ya Fundi Bati, aliyeshuka mapaa moja kwa moja na sasa anatengeneza mifereji ya maji ya mvua, akiwa ardhini. Anatoa mavumbi ya sufu kwa brashi kavu, anafuta kila sindano, anajaribu kila kilimi kama kinaanguka chenyewe, anatia tone moja moja kwenye meno ya gurudumu na kwenye ekseli, si zaidi, kisha anazungusha mara ishirini bila uzi na kufuta kilichozidi ili kisichafue soksi. Kopo la mafuta analiweka juu ya kabati, mahali mama yake hapafikii. Ajuza amelalamika kwamba ananyanyaswa.

Majuzi meno mawili ya gurudumu yalikatika, katikati ya soksi ya mtu aliyekuwa anaitarajia kesho yake. Nilimkuta Ruba ameshafunga kanga kiunoni, gurudumu limo kikapuni, anaelekea kwa mchomeleaji wa pale sokoni.

"Akisema haitengenezeki?" nikamuuliza.

"Nitakaa pale mpaka aseme vingine," akasema, akapita.